Mugonile, Saa Tano Usiku

Anaanza kwa salamu ya asubuhi.
Saa tano na robo usiku, ghorofa ya tatu, Mwanjelwa,
baridi ya Juni imepenya hadi kwenye nyaya,
naye anaiegemea kamera yangu kama jirani kwenye ua:
"Mugonile?"
Yaani, mmelala?
Na viti thelathini vya plastiki vinacheka,
maana aliyelala hawezi kujibu,
na aliyejibu amejiumbua.

Mimi ndiye jicho lake. Miaka minne nimemtazama
kwa kitundu kidogo kuliko kifungo,
hivyo msiniambie Lwitiko anachekesha kwa mdomo.
Mdomo wake mvivu. Anachekesha kwa kusubiri.

Anasema neno, kisha analiacha.
Anamimina chai kutoka kwenye chupa, taratibu,
anapuliza, anaonja, anakunja uso
(sukari imesahauliwa tena)
na lile neno huko nyuma linaiva lenyewe
kama ndizi zilizofukiwa.

Koti ni la marehemu baba yake, fundi wa reli,
mikono inamfika vidoleni.
Ukimwuliza kwa nini halipunguzi, anajibu,
"Nimebakiza nafasi. Mshahara ukija nitanenepa."

Siku ile tulipomleta bwana wa mizani na vipimo,
suti, tai, karatasi zenye takwimu,
Lwitiko hakumbishia hata kidogo.
Alimpa kiti kizuri. Akamsifia viatu.
Kisha akaburuta gunia la viazi kutoka Isyonje,
lumbesa, limeshonewa kilemba juu,
akaliketisha kati yao kama mgeni wa pili,
akaligeukia kwa adabu zote:
"Na wewe, mheshimiwa, una kilo ngapi?"
Akasubiri.
Nilihesabu: sekunde kumi na moja.
Bwana wa vipimo akalitazama gunia,
gunia likamtazama bwana wa vipimo,
na mkulima mmoja safu ya nyuma akaanza kucheka
kicheko ambacho, nilipomvuta karibu kwa lenzi,
kilikuwa kimelowa.
Mwingine hapo angeongeza chumvi.
Lwitiko alifunga kifuniko cha chupa.

Lakini usiku ninaoukumbuka, mgeni hakuja.
Ukungu umefunga Igawilo, simu ikasema,
basi limeegeshwa, mwanamuziki wenu yumo ndani anasinzia.
Dakika nne tuwe hewani. Mtayarishaji anang'ata kucha.
Lwitiko akaingia jikoni, akarudi na Tumpe,
mpika chai, aproni ina masizi,
yule yule wa sukari.
"Leo," akasema, "tunamhoji mtuhumiwa."

Tumpe akafunga mikono. Akampima toka koti mpaka soksi.
"Sijawahi kusahau. Miaka minne nakuwekea kijiko kimoja.
Ukitaka viwili, lipa deni la maandazi."

Paa nusura ling'oke.
Nikamgeuzia kamera nikitegemea jibu.
Alikuwa nayo majibu, niliyaona yakipanda,
kikoromeo kikicheza,
akayameza moja moja na chai ya moto.
Akasogeza kiti chake nje ya mwanga,
nusu hatua, kisha nusu nyingine,
mpaka kwenye kioo ukabaki mkono mmoja wa koti
ukimsogezea Tumpe maikrofoni.

Nusu saa nzima. Mkono ule.

Taa zikizimwa hacheki. Anapanga viti,
ananiuliza, "Ile ya deni, nilicheka mapema?"
Namwambia kidogo.
Anaandika kiganjani kwa kalamu ya wino.

Mama yake yuko Masoko, kule bondeni,
antena yake ya mwanzi inaleta chenga tupu.
Uso wa mwanawe hajawahi kuuona humo,
wala hajui kama lile koti bado linavaliwa.
Sauti tu ndiyo inayopita katikati ya mchanga wa kijivu,
"Mugonile?"
naye, blanketi mabegani, makaa yakififia,
anaitika kila usiku,
kwa sababu ameulizwa:
"Bado, mwanangu. Bado."